Kura ya Mlangoni

Sitaki mtu aniambie nipunguze hasira. Nimeshaambiwa hivyo na pasta, nikaambiwa na mume wangu, hata mama anayeniuzia nyuzi pale Kitale ameniambia, na yeye habari yenyewe haijui mwanzo wala mwisho. Mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia ana haki ya kupiga kelele, hasa gunia likifunguliwa na hata huyo mbuzi hayumo.

Jina langu ni Edinah, fundi wa nguo Kiminini. Nusu ya watoto wa hapa wanaenda shuleni na sare zilizotoka kwenye cherehani yangu. Lakini nilizaliwa Kambi Nane, upande wa Kitale, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu. Mzungu aliwapanga wafanyakazi wake kwenye makambi, akayapa makambi nambari kama alivyowapa ng'ombe wake. Alipokwenda zake shamba likaingia mikononi mwa serikali, na wafanyakazi wakabaki walewale, kwenye mistari ileile ya nyumba, wakazaa humo na wakazikana humo. Baba yangu amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mama yangu, Phelista, anaishi hapo peke yake tangu mdogo wangu Derrick ahamie Bungoma. Nyumba hiyo ndiyo mali yote aliyo nayo duniani, na kwa makaratasi si yake.

Sasa mwaka jana ukaletwa bungeni Mswada wa Mashamba ya Serikali. Maneno yalikuwa mengi, lakini kwetu yalikuwa na maana moja: mashamba kama letu yangeweza kukodishwa kwa wawekezaji, pamoja na makambi yaliyomo. Mwekezaji wa kwetu alitaka kulima parachichi. Parachichi halitaki mama mzee katikati ya mistari yake.

Mbunge wetu, Mheshimiwa Nehemiah Makokha, alikuja mwenyewe kwa Mama kutuliza watu. Aliletwa na Derrick, maana Derrick anamfanyia kazi. Cheo chake ni mhamasishaji wa vijana, yaani Mheshimiwa akiwa na mkutano, Derrick ndiye anayetafuta watu wa kuujaza na kuwaambia wakati wa kushangilia. Mama alichinja jogoo. Mheshimiwa akala, akajipangusa mdomo, akasimama kwenye kaburi la Baba akavua kofia. Akasema mswada huo ukipigiwa kura yeye atasema La, na si La ya kunong'ona. Mama akaniangalia kama anayesema, unaona? Kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia mla kuku wa bure huwa anakula tu, hasikilizi.

Jumatano ya kura nilifunga duka mapema nikaenda hotelini kwa Nyaruai, jirani yangu, ambaye televisheni yake ni kubwa kuliko jiko lake. Nikamlazimisha aondoe mpira aweke bunge. Wateja wawili waliondoka wakinung'unika.

Hebu nikueleze jinsi sheria inavyopita, maana mimi nilikuwa sijui, na ninaamini wengi wenu hamjui vilevile. Nilidhani ni kama rejista ya darasani: jina linaitwa, mwenyewe anajibu, jibu linaandikwa. Kumbe wapi. Spika anauliza wanaokubali, na wanaokubali wanapaaza sauti kwa pamoja, Ndiyo. Anauliza wanaokataa, na wao wanapaaza sauti, La. Halafu Spika anapima kwa masikio yake ni sauti ipi iliyozidi, anatangaza, na mambo yameisha. Mimi nikishona kaptura ya mtoto wa darasa la kwanza natumia utepe. Hawa wanapima shamba la watu kwa sikio.

Siku hiyo Ndiyo ilisikika na La ikasikika, na kwa masikio yangu zilikaribiana sana, ila masikio yangu hayana kazi bungeni. Ikatangazwa kwamba Ndiyo wameshinda. Hapo mbunge mmoja mwanamke, wa kutoka mbali huko, akainuka akadai kura ihesabiwe. Mtangazaji akatueleza maana yake. Wenzake thelathini wakisimama kumuunga mkono, kengele italia, milango itafungwa, na kila mbunge atapiga kura yake kwa jina, na jina litaandikwa watu walisome. Wasipofika, hakuna kuhesabu. Kura inabaki ya sauti, na sauti haina mwenyewe.

Wakaanza kusimama. Mmoja huku, wawili kule, mzee mmoja akainuka kwa mkongojo. Nilikuwa nahesabu kwa sauti na Nyaruai alikuwa ameacha chapati zake zinaungua. Kamera ikapita taratibu kwenye viti, na hapo nikamwona wetu. Ameketi. Ameegemea nyuma, simu mkononi, anaichekea simu. Aliyekuwa karibu naye alisimama, akamgusa bega. Mheshimiwa akainua macho, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye simu.

Walipungua. Sitasema walipungua wangapi, kwa sababu kwangu mimi alipungua mmoja. Spika akawaambia wakae, hawatoshi, na mswada ukawa umepita. Nyaruai akaniletea chai ambayo sikuagiza. Nilirudi dukani nikakata kitambaa cha sketi mbili nikakiharibu chote, nikakitupa chini nikakikanyaga.

Jumamosi Derrick akanipigia simu kwa furaha. Akaniambia, akiniita dada kwa lugha ya nyumbani, "Yaya, Mheshimiwa anaita watu wa Kambi kwake Bungoma. Anataka kuwashukuru kwa maombi." Nikamuuliza maombi gani na tumeshindwa. Akasema nije tu, nitasikia mwenyewe.

Nyumba ya Mheshimiwa iko nje kidogo ya mji wa Bungoma, ina lango ambalo lori linapita bila kusita. Walipanga mahema, viti vyenye vitambaa, na pilau ilikuwa inanukia tangu barabarani. Watu wa Kambi Nane waliketi mbele, wamevaa nguo za kanisani. Mheshimiwa akaja, shingoni amezungusha skafu ya sufu, na jua lilikuwa kali la kukausha mahindi. Akashika maikrofoni, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Ikatoka kama mlango wenye kutu. Akasema tumsamehe, sauti ilimpotea bungeni. Alisema La, akasema La, mpaka koo likakataa. Lakini wale wengine walikuwa wengi, akasema, na mtu mmoja afanye nini?

Wamama wakatoa leso. Mama yangu akasema kwa sauti, "Pole, papa, pole sana," kama anayemwambia mtoto aliyeanguka. Msichana mmoja akamletea Mheshimiwa kikombe cha tangawizi na asali, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mbele yetu. Mtu hawezi kukudanganya halafu akakuomba pole juu yake.

Nikasimama. Sikuitwa, nilisimama tu.

"Mheshimiwa, wale wenzako waliposimama wakitaka kura ihesabiwe, wewe mbona ulikaa?"

Mheshimiwa aliniangalia, akatabasamu, na sauti yake ikapata nafuu ya ghafla.

"Asante kwa swali, dada yangu. Kusimama si kupiga kura. Kusimama ni utaratibu tu wa bunge. Kura yangu nilipiga na mdomo, na huu mdomo ulisema La."

Wakampigia makofi. Na kilichoniunguza zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Kusimama si kupiga kura. Kusimama ni kukubali uonekane unapiga kura, na hicho ndicho alichokikimbia. Sasa utamshika wapi? Nenda kwenye kumbukumbu za bunge utafute siku hiyo: utakuta walioafiki wameshinda, basi. Waliosema Ndiyo wanaweza kurudi vijijini kwao wakasema walisema La, na aliyekaa kimya akichekea simu anaweza kurudi na skafu shingoni. Wote wako salama. Aliye hatarini ni mama mmoja Kambi Nane.

Kisha Mheshimiwa akatoa zawadi yake ya siku. Akasema tusilie, kwa sababu sheria yenyewe imetuachia neno la mwisho. Hakuna kambi itakayoondolewa mpaka wakazi wake wakutanishwe na kuulizwa hadharani. Wakikataa, mwekezaji anaenda zake. "Sasa bunge ni nyinyi," akasema, na pilau ikaanza kupakuliwa.

Tulirudi nyumbani na Mama. Alivua viatu, akaketi, akaniambia nimemtia aibu mbele ya watu, tena nimemtia aibu kwa mtu aliyeugua kwa ajili yetu. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu. Akanijibu kwamba mimi niliona televisheni, yeye amemsikia mtu. Nikaenda nje kwa kaburi la Baba nikasimama huko ili nitulie, na sikutulia. Derrick alinifuata. Hakuwa na maneno ya maana, isipokuwa kuniuliza kama nataka afutwe kazi. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi. Akasema siasa siielewi.

Mkutano wa wakazi ukaitwa. Ulikuwa ufanyike kwenye uwanja wa mpira wa Kambi, ule ulioko katikati ya mistari ya nyumba, na mimi nilifika Kambi mapema nikamsaidia Mama kufagia, kana kwamba wageni wangeingia ndani kuangalia. Watu wetu walitoka wote. Waliokuwa mjini kwa vibarua walirudi. Tulikubaliana tangu kanisani: tutasema La, na tutaisema sote.

Kisha malori yakaja. Mawili, yamejaa vijana, wote wamevalia fulana za kijani zenye uso wa Mheshimiwa kifuani. Niliwasikia wakiongea, nikajua ni wa Bungoma mjini, na wachache walikuwa wa Malakisi. Vijana wa watu tu, wenye njaa, wameahidiwa chakula cha mchana na safari ya lori. Walishuka wakapangwa uwanjani, wakatujaa, wakasimama katikati yetu na nyuma yetu, mpaka huwezi kujua nani ni wa wapi. Aliyekuwa anawapanga, kipaza sauti mkononi, fulana ya kijani mwilini, alikuwa Derrick.

Mama alimwona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele, karibu nami. Alivuta leso yake mbele kidogo ya uso kama mtu anayezuia jua.

Afisa mmoja alikuwa ametumwa kusimamia. Mtu wa suti ya kijivu, mpole wa kuongea, mwenye haraka. Alisoma kwamba mwekezaji ataleta ajira, na kwamba wakazi watahamishiwa sehemu nyingine itakapopatikana. Bwana Kemboi, mwenyekiti wa Kambi, akauliza sehemu hiyo iko wapi. Afisa akarudia kwamba ni itakapopatikana. Mheshimiwa alikuwa ameketi pembeni yake, hana skafu, na alipotusalimia sauti ilikuwa imerudi nzima kama kengele ya kanisa.

Afisa akauliza wanaokubali. Ikatoka Ndiyo ambayo ilitikisa mabati. Ilitoka nyuma yangu, kando yangu, ikanipita masikioni. Mvulana aliyesimama begani pangu aliipiga mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na alipoona ninamwangalia akatazama chini. Afisa akauliza wanaokataa. Tukasema La. Tuliisema kwa nguvu zote, lakini ilikuwa La ya wazee na wamama wenye watoto migongoni. Afisa akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza vizuri sana, akajaza kifua pumzi atangaze.

Nikasimama. "Mimi nataka kura ihesabiwe."

Akaniuliza kwa kanuni ipi. Nikamwambia kwa ile ya bunge, si tumeambiwa bunge sasa ni sisi? Akasema kwa upole kwamba hapa si bungeni. Nikamwambia sheria inasema wakazi, na sauti haionyeshi inalala wapi. Wale vijana wakaanza kunizomea, Derrick akawaashiria wapige kelele zaidi, na mimi hasira ikanipanda hadi nikawa siwaoni vizuri. Nilitamani niwe na mkono mrefu wa kuwazaba wote mara moja, nikianzia na yule niliyembeba mgongoni akiwa mdogo.

Ndipo Bwana Kemboi akainuka. Kemboi ni mtu asiyegombana hata na mbwa. Tangu awe mwenyekiti sijapata kumsikia akipaza sauti. Alijikohoza, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele mmoja: "Mlangoni!"

Lazima nikueleze. Zamani za mzungu, nyapara alikuwa anahesabu watu wake asubuhi kwa kupita kwenye mistari. Alipiga ukelele huo, na kila mfanyakazi alitoka akasimama mlangoni kwake na watu wake, asiwepo wa kujificha wala wa kuhesabiwa mara mbili. Nyapara alikufa, mzungu akaenda, neno likabaki. Likija gari la chanjo, Kemboi anasema mlangoni. Mtoto akipotea, mlangoni. Hata watoto wa hapa wakicheza wanajua, ukisikia hilo neno unaacha ulichoshika unaenda kwenu.

Watu wakaenda. Hawakusukumana, hawakujibu kitu, waligeuka tu wakatembea. Mabibi wakabebewa viti. Mama nilimshika mkono, tukapita katikati ya fulana za kijani na zikatupisha. Baada ya muda mfupi kila mlango wa Kambi Nane ulikuwa na watu wake wamesimama, mistari yote minne, tumeuzunguka uwanja, tunautazama. Na uwanjani walibaki wale wa malori. Wamesimama pale na Ndiyo yao, hawana pa kwenda nayo. Mmoja alijaribu kusogea kwenye nyumba ya Jerop, mjane wa mstari wa tatu, na Jerop akamuuliza jina la mbwa wa nyumba hiyo ni nani. Kijana akarudi.

Kemboi akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Bwana Afisa, wenye kukataa ndio hawa. Pita uhesabu."

Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na sitaki mtu aniambie hakikuwa kizuri kwa sababu ya kilichofuata. Hata mimi mwenye moyo wa pilipili machozi yalinitoka. Haikuhitajika sikio. Mtu mwenye jicho moja angeona.

Afisa aliona. Alizunguka mahali pamoja akitutazama, mlango kwa mlango, na nikaona uso wake umelegea kama wa mtu anayejua jibu. Kisha Mheshimiwa akainuka, akamshika kiwiko, akamnong'oneza. Hakunong'ona sana. Afisa akachukua kipaza sauti kutoka kwa Derrick, akakielekeza kwa wale waliobaki uwanjani, si kwetu, akasema kura ya mkutano huu ilikuwa ya sauti, na sauti zilishasikika kabla watu hawajaondoka. Walioondoka wamejiondoa wenyewe. Ndiyo wameshinda. Mkutano umefungwa.

Fulana za kijani zikashangilia. Zilishangilia kwa uchovu, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshuka kwenye lori.

Sisi tulibaki milangoni. Hakuna aliyejua la kufanya, maana kila tulichoweza kufanya tulikuwa tumekifanya. Kemboi alisema ataenda mahakamani, akasema tena, na aliposema mara ya tatu ilikuwa kama anamwambia mkewe. Mimi niliita Mheshimiwa majina ambayo fundi wa sare za shule hapaswi kuyajua. Aliyasikia. Alinipungia mkono.

Jua likaanza kushuka upande wa Elgon. Niliingia ndani nikawasha moto, nikateleka maji, nikachota unga wa ugali. Mtu akiwa na hasira bado anakula. Mama hakuingia. Alisimama palepale mlangoni, mkono kwenye fremu, anatazama uwanja unavyoachwa.

Nikasikia hatua, kisha sauti ya Derrick, sauti ya siku zote, ya mtu anayerudi kwao.

"Mama, nimechoka, bana. Si kuna chai?"

Mama hakusogea. Nilitoka na mwiko mkononi nikasimama nyuma yake. Derrick alikuwa amefunga sweta kiunoni, na uso wa Mheshimiwa ulikuwa umekunjamana kifuani mwake.

"Ulisema nini pale?" Mama akamuuliza.

"Pale wapi?"

"Pale. Wenzako wakisema Ndiyo, wewe ulisema nini?"

Derrick akacheka kidogo, akaniangalia mimi nimsaidie. Nikamwangalia tu. Akakuna shingo. Akasema yeye ilikuwa kazi tu, na kazi ni kupanga watu. Kisha akaona hiyo haitoshi, akashusha sauti, akamsogelea Mama.

"Mama, mimi siwezi sema Ndiyo juu ya hii nyumba. Mimi nilisema La. Ni vile kulikuwa na makelele, haungesikia."

Mimi nimemjua Mama yangu maisha yangu yote, ni mwanamke wa kuamini, aliamini koo la mtu akalilia. Nilidhani atasogea ampishe. Nilikuwa tayari kukasirika.

"Mheshimiwa bado iko?" akauliza.

Derrick akageuka. Gari la Mheshimiwa lilikuwa bado limesimama karibu na goli, mlango wazi, mwenyewe anaagana na vijana wake kwa kuwapiga mabega. "Bado iko."

"Basi enda, papa. Enda usimame mbele yake, useme hiyo La yako peke yako. Mimi nitaisikia nikiwa hapa."

Haukuwa mbali. Mpira ukipigwa kutoka kwenye goli lile unaweza kugonga mlango wetu. Milango mingine bado ilikuwa na watu, na walikuwa wameshatambua kuna jambo. Jerop alimshusha mtoto wa jirani aliyekuwa amembeba. Derrick alitazama gari, akamtazama Mama, akatazama gari tena. Akapiga hatua moja, nikamwona ameipiga. Kule uwanjani Mheshimiwa akainua kichwa, akamwona, akamwita kwa mkono, twende.

Derrick akarudisha ule mguu. Akasema, "Mama, hiyo ni kazi yangu," akaketi kwenye jiwe la kufulia, mgongo kwetu.

Mama alisubiri. Alisubiri mpaka gari likawasha taa, likaondoka, na malori yakaondoka nyuma yake, na hakukuwa tena na mtu wa kuambiwa La. Ndipo akatoa mkono kwenye fremu, akaingia ndani, akafunga mlango na kuweka komeo. Maji yalikuwa yamechemka. Akaniambia nipunguze unga, ugali ni wa watu wawili.